Fisi na Alama Nyekundu

Siku zile wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za mbao, msitu wa mivule ulikuwa na mkataji mmoja, Tembo, na msimamizi mmoja, Kindi. Kila mwaka kabla ya ukataji, Kindi alizunguka na kopo la udongo mwekundu akipaka alama kwenye baadhi ya miti.

Fisi, mfanyabiashara wa mbao, hakujua kutosheka. Alikuwa amewaahidi nyumbu wa mbugani mbao za msitu mzima. Alipoziona zile alama akacheka. "Kumbe kazi yenyewe ni kupaka tu!" Akachota udongo, akapaka kutwa nzima mpaka mkia wake ukawa mwekundu.

Kesho yake Tembo akafika, akatazama huku na huku, akaketi.

"Mbona hukati?" Fisi akauliza.

"Nikate nini? Miti yote ina alama."

"Si ndiyo hiyo! Kata yote!"

"Bwana Fisi, mti wenye alama hauguswi. Ni ile michanga, na mikubwa inayodondosha mbegu. Mimi hukata isiyopakwa."

Mara Kindi akaja mbio, wanyama wengine wakimfuata. Akautazama msitu, kisha akauona mkia wa Fisi. Machozi yakamlenga.

"Kaka Fisi! Miaka yote nakusema vibaya, kumbe unaupenda msitu kuliko mimi!"

Wanyama wote wakapiga makofi, isipokuwa nyumbu arobaini waliokuja kuchukua mbao zao. Fisi akainama kushukuru, huku akitafuta kwa jicho njia ya kutorokea.