Koni ya Mwisho

Mwenda pole ndiye ajikwaaye: hivyo ndivyo walivyofundishwa madereva wa klabu ya Mbeya, kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Kila Jumamosi walipanga koni za barabarani, wakaitembea njia kwa miguu, kisha wakaipita mbio kwa magari, kwa zamu, wakongwe wakiketi kando ya wageni kuwasahihisha. Kwingine kote magari yalijiendesha yenyewe, kwa kunakili mikono ya bingwa wa mwaka wa klabu hiyo. Naye bingwa akishanakiliwa, hakuruhusiwa kugusa usukani tena maisha yake yote.

Sekela alikuwa mmoja wa madereva hao, na mama yake aliwahi kuwa bingwa. Siku hizi alikaa mezani akizungusha sahani ya ugali, kushoto, kulia, mpaka mchuzi ukamwagika. Safarini, usukani ulipokata kona wenyewe, vilevile alivyokuwa akikata yeye, aligeuzia uso dirishani.

Siku ya fainali Sekela alikuwa mbele kwa sekunde moja. Alipofika koni ya mwisho alilipeleka gari upande, akaiangusha. Adhabu yake ni sekunde mbili.

"We binti!" alifoka Mwalimu Mwakalinga. "Miaka sita tunakunoa, unatutia aibu kwa koni ambayo hata bibi yangu angeikwepa?"

"Bibi angeikwepa, Mwalimu. Mimi niliilenga."

Nyuma yao Ambakisye, mshindi, alikuwa akipunga mikono yote miwili juu. Sekela aliitazama mikono ile kwa muda.

"Waombe radhi wenzako," alisema Mwalimu.

Sekela aliisimamisha koni, akaifuta vumbi.

"Siombi. Jumamosi ijayo nakuja kuendesha."