Salamu ya Mzee Guo

Katika ukurasa wa mtandaoni wa polisi kwa lugha ya Kichina, aliyeandika kila asubuhi alikuwa mmoja tu: Mzee Guo, muuza vyombo, mgane. Hakuripoti mwizi. Aliuliza, “Umekula?” Ndivyo watu wa kwao wanavyosalimiana, na Koplo Mwanahawa, askari pekee kituoni aliyejua Kichina, alilifahamu hilo. Lakini mkuu wake alishamwonya, “Hapa si pa kupiga soga.” Basi akawa anamjibu maneno yale yale makavu: “Kama kuna uhalifu, toa taarifa.”

Leo salamu haikuja. Mchana koplo akashindwa kula, akaenda nyumbani kwa mzee.

“Hodi! Mzee Guo!”

Mlango haukufunguliwa. Akatoa simu, akaandika, “Mzee wangu, umekula?”

Simu ya mzee ikalia ndani, sakafuni, karibu kabisa na mlango.