Mtafsiri wa Kimya

"Kila mwaka mnaniletea filamu iliyoteuliwa kupata tuzo, na kila mwaka watazamaji wake ni panya," alisema Chande, mwenye banda la sinema. "Kesho naweka ya mateke."

Sikudhani, aliyeiongoza filamu hiyo, aliyatazama mabenchi matupu. "Nipe nafasi moja tu, kaka Chande."

"Basi mwachie Mapovu maikrofoni."

Mapovu ndiye aliyekuwa akizitafsiri filamu za Kichina na Kihindi bandani hapo, kwa kelele na vichekesho.

"Yangu ni ya Kiswahili! Atatafsiri nini?"

"Pale mnaponyamaza, dada," Mapovu alidakia. "Mnanyamaza sana nyie watu wa tuzo."

Spika ya nje ikawashwa. Mapovu akaanza kubwata, na watu wakamiminika. Ikafika sehemu ambayo mama anakunja nguo za mwanawe aliyefariki, bila kusema neno.

"Mama anasema, shati lenyewe hata kola halina!" Mapovu alipayuka. Banda zima likaangua kicheko.

Sikudhani alikwenda ukutani, akaushika waya wa maikrofoni, tayari kuuchomoa. Mlangoni watu walikuwa bado wanaingia, na Chande alikuwa akiwaongezea mabenchi.