Kopo la Mafuta Dirishani

Fundi cherehani alishamshuku kila mpangaji, hata bibi wa chumba cha mwisho asiyejua hata kutunga uzi. Kopo lake la mafuta ya cherehani lilikuwa likipungua kila siku, na yeye wiki nzima hajashona kitu. Jioni hiyo akajibanza nyuma ya pazia, mkasi mkononi.

Mkono ukapenya dirishani, ukalitwaa kopo bila hata kupapasa.

Aliinua mkasi. Kisha akauona ukucha wa gumba, uliopasuka katikati. Kidonda kile alikifunga yeye mwenyewe, siku mumewe alipobanwa na mashine huko kiwandani, wanakounda mashine za kushonea viatu.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Akachungulia. Mumewe alikuwa amechuchumaa ukutani, akijipaka mafuta viganjani, kwenye kola, mpaka mashavuni, taratibu kama bwana harusi. Akachota vumbi, akajisugua nalo chini ya kucha. Kopo likarudi mahali pake.

Hodi ikabishwa mlangoni.

"Umechelewa tena, baba watoto."

"Ovataimu, mke wangu. Oda zimetuzidi, hata kupumua hatupumui."

"Si ulisema oda zinahamia ng'ambo, na nyinyi mnapunguziwa saa?"

"Yalikuwa maneno tu hayo."

Akamshika kiganja, akakinusa. Mafuta yalikuwa mepesi, hayana hata harufu ya chuma.

"Basi kesho nitakuletea chakula cha mchana," alisema, bila kukiachia kile kiganja. "Nikuletee wapi?"