Mgongo Safi

"Tulia basi, unajinyonganyonga kama mtoto anayenyolewa," mke alimwambia mumewe.

Kioo alikuwa amelala kifudifudi bila shati. Mgongoni alikuwa na vibandiko vya hospitali, kila kimoja kikiwa na chembe ya madini chini yake. Daktari alikuwa amevibandika asubuhi ile, akaonya visiguswe mpaka atakapovitoa mwenyewe. Mke alikuwa anavibandua.

"Kipi kinawasha?"

"Cha chini kushoto. Kinachoma kama pilipili."

"Basi ndicho chenyewe. Kiage."

Alipangusa ngozi kwa kitambaa cha sabuni, akapaka krimu ya upele, akasubiri ikauke. Kisha akabandika vibandiko vipya visivyo na chembe, akifuata mistari ya kalamu aliyoichora daktari. Kazi hiyo aliizoea.

Mumewe alikuwa mchovyaji. Alitumbukiza koki za mabomba katika tangi la nikeli, maji ya kijani yanayofuka mvuke, zikatoka ziking'aa hata unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Ndipo wenzake wakamwita Kioo. Kila mwaka muuguzi wa karakana aliwapima hivi hivi, na aliyefura mgongo kwa nikeli aliambiwa pole; kesho yake mtu mwingine alikuwa amevaa glavu zake. Wake wa wachovyaji walifundishana kubandua na kupaka kama wanavyofundishana kusuka nywele. Hakuna aliyebanduliwa mapema akafukuzwa.

Safari hii, lakini, kulikuwa na moyo. Kioo alikuwa akipanda ngazi anasimama katikati, miguu imevimba mpaka viatu vimemkataa. Misuli ya moyo imetanuka, daktari alisema. Huenda mwili umeichukia nikeli, na askari wake wa kinga wanapoifukuza wanaushambulia moyo.

"Nataka kujua mwili wako unaivumiliaje," alimwambia, "kabla sijaamua la kukufanyia."

Walipotoka nje mke alinong'ona, "Kuamua ndiyo nini?"

"Ndiyo kuniachisha kazi. Karakana ndiyo inayolipa hospitali, mama. Unadhani huyu daktari ni wa nani?"

Mke hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kazi ikiondoka, na matibabu yanaondoka. Kwa hiyo alimbandua kwa bidii kuliko miaka yote.

Siku ya majibu daktari alivaa miwani, akapitisha kidole mgongoni taratibu, mraba baada ya mraba.

"Safi kabisa. Kama wa mtoto mchanga."

Mke aligeukia dirishani asije akacheka.

"Mimi na nikeli ni watani, daktari," Kioo alisema. "Tumezoeana."

"Umenirahisishia sana."

Baada ya hapo daktari alieleza mengi, kuhusu mshipa wa paja na mlango wa moyo unaovuja. Wao walikuwa wakingojea ataje karakana. Hakuitaja. Wakaitikia kila kitu, ndiyo daktari, sawa daktari, wakashukuru mpaka mlangoni.

Alilazwa, akafanyiwa matibabu ya moyo. Alipozinduka mke alikuwa amekaa kando ya kitanda, anamkanda miguu.

"Umerudi?"

"Nimerudi. Kazi je?"

"Ipo pale pale. Bosi amesema tangi linakungoja." Alimfinya kidole cha mguu. "Nani mganga wako?"

"Wewe."

"Sema tena, sijasikia."

"Wewe, mama. Nani mwingine?"

Daktari aliingia akiwa mchangamfu. Alitoa mfukoni kifaa cha mfano, kidogo kama ukucha, akakiweka katika kiganja cha Kioo.

"Pacha wake yumo ndani yako. Amebana ule mlango. Nyama itamwotea juu, hatatoka tena."

Kioo alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyogeuza koki maisha yake yote.

"Kinang'aa vizuri. Kimechovywa na nani?"

"Hakikuchovywa," daktari alicheka. "Nikeli imo mpaka ndani."

Mikono ya mke ilisimama juu ya miguu ya mumewe.

"Mwili unaoikataa nisingethubutu kuuwekea," daktari alisema, akimpigapiga Kioo begani. "Ndiyo maana nilitaka kwanza niuone mgongo wako."