Moto wa Wenye Mabaki

Katika mji wetu hakuna tena jalala linalooza na kutoa gesi angani. Mabaki yote ya chakula huingia kwenye mtambo wa mtaa, na kila jiko hurudishiwa gesi kulingana na mabaki ya nyumba yake. Mkaa umepigwa marufuku.

Siku hiyo jiko la Chausiku lilizimika kabla uji wa mama mkwe wake mgonjwa haujaiva. Akatoka mbio mpaka kwenye mtambo.

“Nyumba yako haileti kitu, dada,” alisema Mlekwa, mwangalizi wa mtambo.

“Tulete nini? Sisi tunakula mpaka ukoko!”

“Mtambo haujui hayo.”

Pembeni yao jirani alikuwa akimimina sufuria nzima ya pilau la harusi, minofu ikiwa haijaguswa. Chausiku alirudi nyumbani, akachukua nusu ya unga uliobaki, akaja kuumwaga mtamboni mbele ya Mlekwa.

“Haya, kula!” aliufokea mtambo.

Jioni jiko liliwaka vizuri. Mama mkwe akaonja uji mpya wa unga uliosalia.

“Mbona mwepesi hivi, mwanangu?”

Chausiku aliendelea kukoroga, moto ukivuma chini ya sufuria.