Shimo Kati ya Mahindi

Tanga lilipoanuliwa tu, Nakijwa alichukua jembe la marehemu mumewe, akaenda kuchimba shimo katikati ya mahindi. Shemejiye, Elifuraha, akamfuata mbio.

"Shemeji, nilikwambia ulime mpaka uvune, kisha shamba la kaka unirudishie. Mti sikukuruhusu!"

Pale kila mtu alijua: aliyeazimwa shamba hupanda mahindi na maharage. Mti hupandwa na mwenye shamba.

"Najua," alisema Nakijwa.

Akautoa mche wa mparachichi kwenye kopo, akauweka shimoni, akaufukia, akaushindilia udongo kwa kisigino, taratibu, mtoto asiamke mgongoni.

Elifuraha akainama, akaukamata mche aung'oe.

Nakijwa hakumzuia. Aliokota jembe na kopo la mche mwingine, akasogea hatua tano, akaanza kuchimba shimo la pili.